Programu ya Nafasi ya Saba

Kaka yangu alinifundisha kuandika programu kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya Mulongwe, mjini Uvira. Kompyuta hatukuwa nayo, kwa hiyo alinifundishia kwenye kalkilateri. Ilikuwa ndogo, pana kidogo kuliko kiganja, yenye vitufe vya herufi na vya namba, na kioo cha mstari mmoja tu. Alipewa na profesa wake wa Bukavu aliyekuwa anahama nchi. Masomo yake ya chuo yalipokatika kwa sababu ya vita, kaka alirudi nyumbani na mfuko wa nguo na mashine hiyo, aliyoifunga ndani ya soksi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shule niliyofundisha hesabu ilikuwa imefungwa. Askari walilala madarasani, na madawati waliyapasua kuni. Ndiyo ile tuliyoiita vita ya pili. Mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi, nusu nyingine ya nchi mikononi mwa serikali, na barua haikuweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mama alisema haikuwa mara yake ya kwanza. Miaka michache baada ya uhuru, akiwa msichana, alikimbilia milimani na sufuria kichwani, na aliposhuka tena alikuta nyumba yao haina mlango wala mabati. Alilisimulia hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza jinsi ya kusonga bugali.

Mchana hatukuwa na kazi. Kaka aliketi kwenye kiti cha mbao, mimi kwenye ndoo niliyoipindua.

"Weye uko mwalimu wa hesabu," aliniambia siku ya kwanza, "utaelewa mbio. Kuna vitu vitatu tu. Kumwambia aonyeshe namba. Kumwambia arudie. Na kumwambia aende afanye kazi fulani pembeni, halafu arudi."

"Kumwambia nani?"

"Yeye huyu," akagonga kioo kwa ukucha.

Maneno ya mashine yalikuwa ya Kiingereza, na sote wawili tulisoma kwa Kifaransa. Neno la kuonyesha namba alinifundisha nilisome kama "andika". Lile la kuanzisha marudio nililiita "kuanzia", na lile la kuyafunga nikaliita "inayofuata". Kwa maneno hayo matatu niliandika jedwali la saba. Kuanzia moja mpaka kumi na mbili, zidisha kwa saba, andika, inayofuata. Nilibonyeza kitufe na kioo kikaonyesha 7. Nikabonyeza tena: 14. Mashine ilikuwa inasimama baada ya kila namba mpaka uiruhusu iendelee. Nilipofika 84 ikanyamaza. Kaka akaitikia kwa kichwa kana kwamba amesikia habari njema.

Ilikuwa na nafasi kumi za kuwekea programu, kuanzia sifuri hadi tisa. Aliniachia ya tatu, ya nne, ya tano na ya tisa, akasema zile nyingine ni zake nisiziguse. Katika nafasi ya tatu niliandika programu yangu mwenyewe bila msaada. Anza na moja, andika, ongeza moja, rudi juu. Nilimwita aje aone. Alibonyeza mara thelathini hivi, kisha akacheka.

"Umeiambia ianze, umeiambia irudi. Mwisho haukuisema. Hii itahesabu mpaka betri zife."

"Niifute?"

"Acha. Siku moja utaiona na utajua ulianzia wapi."

Somo la mwisho alilonipa lilikuwa fonksio. Aliieleza hivi: kuna kazi unaifanya mara nyingi, basi iandike mara moja, iweke katika nafasi yake, na kila ukiihitaji unaiita. Ikimaliza inakurudishia jibu, na programu inaendelea pale pale ilipokuwa imeacha. Niliandika moja ya kutafuta mraba wa namba, nikaiita kutoka kwenye marudio, nikapata 1, 4, 9, 16. Kaka alikuwa anajiandaa kwenda Luvungi kutafuta mchele. Alikuwa akienda huko mara kwa mara, na hatukumuuliza sana, kwa sababu mchele wa bonde ulikuwa mzuri na kila mara alirudi nao.

"Kalkilateri inabaki," alisema. "Wale askari wa bariere barabarani wakiiona watainyang'anya."

Alipanda kamio, lori la mizigo, asubuhi. Hakurudi.

Dereva alikuja siku ya tatu. Nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu. Alisema watu wenye silaha walitokea kwenye miwa na kulipiga risasi kamio, kati ya Luvungi na Sange, wakati wa kurudi. Wasafiri wanne walikufa. Watu wa Luvungi waliwazika jioni ile ile kwa sababu hakukuwa na namna ya kuwasafirisha. Alimpa Mama mfuko wa kaka. Alisema pia kwamba dada mmoja wa pale Luvungi alilia sana, mpaka wakamshika. Mama alimshukuru, akampa maji ya kunywa. Mimi nilimaliza sufuria ile niliyokuwa nayo mkononi, nikachukua nyingine. Nakumbuka niliona kwamba ya pili ilikuwa imeungua zaidi na ingehitaji majivu mengi.

Watu walikuja kukaa nasi kwenye matanga. Walilia, na wanawake wengine walinitazama usoni wakingoja. Sikuwa na kitu cha kuwapa. Niliwapikia maharage, niliwaletea maji, nilihesabu sahani na kuzirudisha kwa wenyewe. Kama mtu angenichoma kwa sindano siku hizo nadhani ningegeuka na kuuliza anahitaji nini.

Baada ya watu kuondoka nilirudi kwenye ndoo yangu kibarazani. Nilibonyeza jedwali la saba. 7, 14, 21. Sikulifanya kwa kumkumbuka; lilikuwa jambo ambalo mikono ingeweza kulifanya. Nilipochoka nalo nilianza kufungua nafasi zake. Ya sifuri ilikuwa ya kugeuza digrii za joto. Ya kwanza na ya pili zilikuwa za masomo yake, za nguvu za mihimili ya majengo. Ya sita haikuwa na kitu. Ya saba ilikuwa fupi, na ilikuwa inaita ya nane.

Sikuielewa mara moja, kwa hiyo nilifanya kama alivyonifundisha: nikachukua karatasi na kuwa mashine mimi mwenyewe. Nilipiga mstari katikati, upande huu namba ya marudio, upande ule jibu la fonksio. Marudio yalianza na 280 na kushuka kwa saba saba mpaka sifuri. Kila hatua programu iliita nafasi ya nane, na nafasi ya nane ilikuwa inagawa kwa saba tu na kurudisha jibu. 280, 40. 273, 39. 266, 38. Niliijaza karatasi yote hivyo, mistari arobaini na mmoja, kwa mwandiko mzuri. Kisha nikaangalia herufi, kwa maana mashine ile ilikuwa inaweka namba ndani ya herufi na kuzikumbuka hata ukiizima. Nyingi zilikuwa na sifuri. Herufi K ilikuwa na 21.

Mama alikuwa mzalishaji, mkunga katika maternite ya parokia. Alirudi kutoka kazini siku ile akiwa bado na koti lake jeupe, akainama kuvua viatu, akaiona karatasi juu ya meza.

"Hii iko ya nani?"

"Ya programu ya kaka. Inashuka kwa saba, halafu inagawa. Sijui ya nini."

Aliichukua. Alisoma mstari wa kwanza tu.

"Siku mia mbili makumi nane," alisema. "Wiki makumi ine. Ile iko mimba."

"Mimba?"

"Minye nimeandika hizi namba miaka makumi mbili. Wiki makumi ine ni mimba, haiko kitu ingine." Akaiweka karatasi mezani. "Hakuandika ilifika ngapi?"

Nilimwonyesha herufi K. Alitazama 21 ndani ya kioo. Kisha akahesabu kwa vidole tangu siku kaka alipoondoka, wiki tano.

"Basi iko ishirini na sita," alisema. "Yule dada wa Luvungi."

Mama alivua koti, akalitundika, akaenda jikoni. Nilisikia akipuliza moto. Tulipokuwa tunakula aliniambia, bila kunitazama, "Utaenda. Umulete azalie hapa. Kule Luvungi dawa imeisha."

Ilinichukua wiki mbili kupata kamio lililokubali kupita njia ile. Nilibeba kitenge kipya ambacho Mama alikuwa amekiweka sandukuni, sabuni mbili, na kalkilateri ndani ya soksi. Niliona ni haki yule mwanamke aipate. Mama aliniambia niiache. Nikasema sawa, kisha nikaibeba. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Sikuwa naogopa, na mtu asiyeogopa hufanya mambo ya kijinga kwa utulivu sana.

Kwenye bariere ya pili, baada ya Sange, walitushusha wote. Askari mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali, alipekua mfuko wangu. Aliitoa soksi, akaitoa mashine, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii iko nini?"

"Ni kalkilateri."

"Kalkilateri iko na namba tu. Hii iko na herufi." Aliipindua. "Iko motorola, redio ya kusemea. Unasema na nani?"

"Haisemi na mtu. Inahesabu."

"Weye uko nani?"

"Mwalimu wa hesabu."

Wasafiri wenzangu walianza kujisogeza mbali nami, kidogo kidogo, kama watu wanaotafuta kivuli. Dereva alitazama magurudumu yake. Niliona yote hayo, na niliona pia kwamba kidole cha askari kilikuwa kwenye kitufe cha kufuta kumbukumbu yote, na nikamwambia, kwa ile sauti ya darasani, "Toa kidole hapo, utafuta."

Alikitoa. Nadhani alishangaa yeye mwenyewe.

"Onyesha, basi," alisema. "Kama inahesabu, ihesabu."

Niliichukua. Ningeweza kuchagua jedwali la saba au miraba. Kidole changu kilibonyeza nafasi ya tatu, ile yangu ya kwanza isiyo na mwisho. Kioo kikaonyesha 1. Nikamrudishia.

"Bonyeza hapa."

Akabonyeza. 2. Akabonyeza. 3. Alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba, polepole, akiisogeza karibu na uso. Alipofika ishirini akawaita wenzake wawili, wakasimama nyuma yake. Alipofika mia moja mmoja wao aliondoka. Sisi tulikuwa juani. Mama mmoja mwenye kuku aliketi chini. Askari aliendelea, midomo yake ikizitamka namba bila sauti, na wakati fulani nilitambua kwamba zile kubwa hazijui vizuri: akifika kwenye mamia alikuwa anatulia, anatafuta, kisha anaendelea.

Alipofika mia tatu na kumi na kitu aliuliza, "Itafika wapi?"

"Haifiki."

"Namna gani haifiki?"

"Sikuiwekea mwisho. Nilikosea. Nilikuwa ninaanza kujifunza."

"Nani alikufundisha?"

"Kaka yangu."

"Iko wapi?"

"Alikufa. Kule mbele."

Alibonyeza mara mbili tatu zaidi. Kisha akasema, "Hii inabaki." Aliingiza mashine ndani ya mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo, akanirudishia soksi. "Panda."

Nilipanda. Yule mama wa kuku alinishika mkono njia nzima mpaka Luvungi, na niliuacha pale mkononi mwake kwa sababu haukunisumbua. Nilikuwa nafikiri kwamba ndani ya ile mashine kulikuwa na 21 kwenye herufi K, na kwamba askari akibadilisha betri, hata hiyo itakuwa sifuri.

Kumpata mwanamke wa kaka hakukuwa kazi. Nilitaja jina la kaka kwa mtu wa kwanza niliyekutana naye, akanielekeza kwenye nyumba ya matofali mabichi karibu na mashamba ya mpunga. Alikuwa ameketi juu ya mkeka anapeta mchele, mwenye umri wangu au chini yake kidogo, na tumbo lake lilikuwa kama Mama alivyolihesabu. Aliniona uso, akaacha kupeta.

"Uko dada yake," alisema.

"Ndiyo."

"Munafanana hapa," akagusa paji lake la uso. Kisha akasogea, nikaketi kwenye mkeka.

Nilimpa kitenge na sabuni. Nilimwambia kuhusu mashine, na kwamba ilichukuliwa. Alisema kaka alikuwa akija Jumapili anamwambia namba kabla ya kumsalimia. "Makumi mbili na moja," ndiyo ya mwisho aliyomwambia. Yeye mwenyewe alitaka kuja Mulongwe kutueleza sisi, lakini alikuwa anangoja vita itulie kidogo ili aje na wazee wake, kwa heshima. Alisema haya yote huku akitoa mawe madogo kwenye mchele na kuyatupa nyuma ya bega. Nikaanza kuyatoa pamoja naye. Hakulia, nami sikulia. Nafikiri kila mmoja alipumzika kidogo kwa kukutana na mtu asiyemtazama machoni akingoja machozi.

Asubuhi yake alinipeleka kaburini. Yalikuwa makaburi manne yaliyopangwa, na watu walikuwa wamepanda mihogo karibu sana. Nilisimama. Niliona kwamba udongo wa pale ni mweusi kuliko wa kwetu. Kisha tukarudi.

Nilipomweleza kwamba Mama anataka aje Uvira, alikataa.

"Hapa ndiyo kwetu. Nikienda, mupunga atakata nani?"

"Dawa hapa imeisha."

"Najua."

Nilikaa siku nne. Nilifanya kazi naye shambani kwa kadiri nilivyoweza, na wifi yangu huyo alinicheka mara moja, nilipokanyaga miche. Siku ya tano nilipanda kamio kurudi. Kwenye bariere walikuwa askari wengine. Niliwauliza kuhusu yule mrefu mwenye kofia ya sufu, wakasema yeye na wenzake wamehamishwa kwenda Kamanyola.

Wifi alikuja mwenyewe, bila taarifa, wiki zilipokuwa thelathini na sita. Alishuka mbele ya nyumba yetu na gunia la mchele na mama yake mzazi. Kulikuwa na mapigano bondeni, na watu wa vijiji vingi walikuwa wanashuka kwa miguu. Mama aliwapokea kama watu aliokuwa amewaalika, akawaonyesha chumba cha kaka, akaweka sikio lake tumboni kwa wifi pale pale kwenye korido kabla hata hajavua mzigo wa mgongoni.

"Iko muzima," alisema.

Mtoto alizaliwa siku tisa kabla ya ile sifuri niliyokuwa nimeiandika chini ya karatasi. Nilimwambia Mama kwamba hesabu imekosea. Alikuwa anaosha mikono.

"Haikukosea," alisema. "Ile ni ya kujua tu karibu-karibu. Mutoto hasomi."

Alikuwa msichana. Wifi alilala usingizi mzito mchana kutwa. Nilifua vitambaa vyote, nikavianika kwenye kamba, nikavigeuza jua lilipohama. Majirani waliimba uani, na mimi niliitikia nyimbo hizo kwa wakati wake. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu, furaha au uchungu, chochote, na kilichokuja kilikuwa njaa. Nilikula sahani mbili.

Shule ilifunguliwa tena baada ya miaka kadhaa, na baada ya mingine mingi tukapata kompyuta nne za msaada katika chumba chenye nondo madirishani. Nilipewa mimi kuzifundishia kwa sababu nilisema najua kidogo. Nimefundisha marudio na fonksio kwa watoto wengi tangu hapo. Wengine ni wahandisi. Binti wa kaka hakuyapenda kabisa, alipenda kushona, na ana cherehani yake karibu na soko la Mulongwe.

Watu huniuliza kama nililia baadaye. Sikulia. Nililingoja jambo hilo kwa muda mrefu, kisha nikawa na shughuli nyingine. Ila wiki ile ya kwanza, wifi akiwa bado dhaifu, Mama alinipa mtoto nimwogeshe katika beseni la plastiki, akanionyesha jinsi ya kushika kichwa kwa mkono mmoja. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Mtoto alinyoosha miguu ghafla, akanirushia maji usoni na kifuani, na Mama akasema, "Shika vizuri, weye." Nikamshika vizuri.